Plagi Iliyofyatuka Chini ya Baba Mkubwa

Wadogo zangu wa Form One, malizeni kucheka tuanze. Najua mstaafu mnayemjua ninyi ana mvi, ana redio ya betri, na akiinuka kwenye kiti anaita watakatifu wote. Mimi nina miaka kumi na saba, magoti yangu mazima, na juzi tu nimechapwa kwa kuchelewa namba. Lakini kazi niliifanya, niliifanya vizuri, na ikaisha bila mimi kutaka. Mtu wa hivyo mnamwitaje? Haya.

Nimesikia baadhi yenu likizo hii mnataka kwenda kujifunza ufundi pale gereji ya Rubwera, chini ya barabara. Sitawakataza. Nitawapa ninachokijua kuhusu plagi, maana plagi haijawahi kunisaliti. Mengine mtayaona wenyewe.

Gereji ni ya Fundi Leo. Jina lake Leo, gari lako atalimaliza kesho. Utani huo niliutunga mimi Jumamosi yangu ya kwanza pale, na mwenyewe alicheka mpaka akaweka spana chini. Ndiyo maana nilimpenda. Mtu mzima anayecheka utani wa mtoto huku kwetu ni adimu, ukimpata unamfuata kama kifaranga.

Jumamosi iliyofuata akalipiza.

"Jovin, kimbia kwa Mama Spea, akupimie kompresheni robo kilo. Akiwa nayo ya Kijapani, chukua hiyo."

Nikakimbia. Mama Spea, mwanamke wa Muleba mwenye duka la vipuri, hakutabasamu hata kidogo. Alipanda juu ya stuli, akapekua rafu ya juu, akashuka na vumbi mikononi. "Ai, mwanangu, imeisha jana. Jaribu kwa muuza mbolea." Muuza mbolea akanielekeza kwa muuza nyama. Muuza nyama ndiye aliyenihurumia, akaniambia kompresheni ni ile hewa inayobanwa ndani ya injini, na mizani yake haijatengenezwa bado. Nikanunua puto, nikalipuliza, nikarudi nalo mbio.

"Fundi, ya Kijapani imekwisha. Nimepata ya Kyerwa. Usiifungue, itatoroka."

Puto lile lilining'inia gerejini mpaka likanywea kama shavu la bibi yangu. Fundi alikataza mtu asilitoe.

Sasa somo. Malori makubwa mnayoyaona yakipakia ndizi yanakunywa dizeli, na ya dizeli hayana plagi. Mtu akijisifu kwamba ametoa plagi kwenye lori la dizeli, muulize aliipeleka wapi na nani alimwona. Plagi utaikuta kwenye kirikuu, kile kilori kidogo chenye sura ya mtu aliyegonga ukuta. Kinapakia mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa, vitanda vya bwana harusi, jeneza, na bado kinapanda mlima kikilia. Injini yake iko chini ya viti vya mbele. Kumbukeni hapo pa viti, tutaparudia.

Kazi ya plagi ni kutoa cheche. Cheche ikipiga, petroli inalipuka, na mlipuko huo unasukuma kila upande, hata upande wa plagi. Kinachoizuia isiruke ni uzi peke yake. Uzi ni ile mistari inayozunguka kama ya bolti: mmoja uko nje ya plagi, mwingine ndani ya tundu lake. Plagi ni chuma. Tundu limechimbwa kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, na hedi ya kirikuu ni aluminiamu, kitu laini. Chuma kikigombana na aluminiamu, msitie dau kwa aluminiamu.

Kwa hiyo Fundi Leo alikuwa na sheria zake. Injini ikiwa ya moto, plagi haiguswi. Unakwenda kunywa chai, ukirudi ukaweka kiganja na bado unakitoa haraka, nenda kanywe nyingine. Nimewahi kumwona akimnywesha mteja mmoja chai mpaka mteja akaomba choo, na bado hajamfungulia.

Na wakati wa kufunga, spana haiji kwanza. Fundi alikuwa na kipande cha mpira wa petroli, kirefu kama peni. Unachomeka kichwa cha plagi kwenye mpira, unaishusha kwenye tundu lake, unazungusha kwanza kushoto, taratibu, mpaka unasikia imedondoka kidogo, tik. Hapo uzi na uzi vimekutana. Ndipo unageuza kulia. Ikiingia upande, mpira unateleza tu mkononi, hauendelei.

"Spana ina nguvu kuliko akili," alikuwa akisema Fundi. "Mpira hauwezi kulazimisha. Ndiyo maana nauamini."

Nilifunga plagi nyingi pale, na kila moja Fundi alikuja nyuma yangu kuirudia. Anailegeza kidogo, anaihisi kwa vidole, anaikaza tena. Nilikuwa nachukia hilo kuliko fimbo za shule.

Na kulikuwa na ovaroli. Mke wake, Mama Anita, ana cherehani, na alishona ovaroli ya bluu kwa kipimo changu, na juu ya mfuko wa kifua akadarizi jina langu kwa uzi mwekundu: JOVIN. Fundi akaitundika kwenye msumari, juu kabisa, karibu na lile puto.

"Hiyo utaivaa siku utakapofunga plagi nisiirudie."

"Na kama siku hiyo haifiki?"

"Atavaa mbuzi."

Basi nikawa nafanya kazi kwa sare ya michezo iliyotoboka, nikiinua macho kila baada ya muda. Nyumbani tuko wengi. Nguo yangu ya Krismasi ilikuwa ya kaka kabla haijawa yangu, na kabla ya kaka sijui. Sikuwahi kuwa na kitu chenye jina langu. Mnaweza kucheka na hapo pia, mimi nilishacheka.

Tumfikie Baba Mkubwa. Ni kaka yake baba, ni mzee wa kanisa, ana kirikuu, na kiwanja cha gereji ni chake. Fundi Leo yuko pale kwa sababu Baba Mkubwa ametaka. Siku Baba Mkubwa akitaka pawe na kibanda cha chipsi, Fundi Leo atakunja mabati yake na kuondoka. Hilo kila mtu Rubwera analijua, na mimi nililijua kama ninavyojua kwamba mvua inalowesha. Kulijua hivyo na kulielewa, kumbe ni tofauti.

Ilikuwa Jumamosi. Fundi alikwenda msibani Isingiro, akaniachia gereji nipokee wateja, niwaambie wasubiri. Asubuhi hiyo kirikuu cha Baba Mkubwa kikaingia kikikohoa. Nyuma kuna pipa lililofunikwa majani ya mgomba. Ndani ya pipa ni rubisi, pombe ya ndizi, lakini kwa kuwa mwenye gari ni mzee wa kanisa, tuliita juisi ya ndizi. Ilikuwa inapelekwa Bugomora, kwenye sherehe ya kumuaga binti wa rafiki yake.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Hii inakoroma. Plagi mpya hizi hapa, badilisha upesi, watu wananisubiri."

"Fundi yuko msibani. Na injini imechemka, Baba Mkubwa. Tungoje ipoe."

"Ipoe? Ni uji?"

"Hedi yake ni aluminiamu. Ikiwa ya moto plagi inatoka na uzi."

"Aluminiamu! Sufuria za mama yako ni aluminiamu, ziko motoni tangu umezaliwa. Zimetoka uzi?"

Nilitaka kusema sufuria haina plagi, lakini mkono wake ulikuwa karibu na shavu langu. Akainua kiti, akachukua spana mwenyewe. Plagi ya zamani ikatoka ikilia kama mlango wa stoo, na kwenye uzi wake zimeng'ang'ania chembe zinazong'aa. Nikamwonyesha. Akazipangusa kwenye suruali yake, ushahidi ukaisha.

Nikampa mpira.

"Wa nini huu?"

"Wa kuanzia, Baba Mkubwa. Ikienda upande tutajua."

"Mimi nimeendesha magari mpaka Uganda wewe ukiwa bado hujafikiriwa. Toa mpira wako."

Akaitupia plagi tunduni kwa spana moja kwa moja. Ilizunguka kidogo ikagoma. Akatafuta bomba, akalivika kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi, akaning'inia. Kri, kri, kri. Ile sauti nilikuwa sijawahi kuisikia, na niliijua.

"Baba Mkubwa, imeingia upande. Itoe tuanze upya."

"Tangu lini unaniambia itoe?"

"Tangu sasa hivi, Baba Mkubwa."

"Panda nyuma ushike pipa."

Nikapanda. Mngefanya nini? Kuna mambo mtoto huku kwetu anaweza kumkatalia mtu mzima, nimeyatafuta, nikiyapata nitawatangazia siku ya paredi.

Tambarare tulikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda kilima cha kuelekea Bugomora, injini ikaanza kupiga tsi, tsi, tsi, kama mtu anayeongea na meno ya bandia. Nikagonga bati la kebini. Akanijibu kwa kukanyaga mafuta zaidi. Halafu, PAA!

Nimewaambia injini iko chini ya nini? Chini ya kiti. Plagi ilifyatuka kama risasi, ikagonga bamba la kiti, moja kwa moja chini ya makalio ya mzee wa kanisa. Alifungua mlango kabla gari halijasimama vizuri, akaruka mtaroni, akakimbia kati ya migomba ya watu huku ameshika nyuma kwa mikono yote, akipiga yowe: "Mawe! Mawe! Mawe weee!"

Ninyi wa nyumbani mnaelewa, kwa Kinyambo hapo mtu anamwita mama yake. Sasa nyuma yetu alikuwa anakuja kijana wa bodaboda, mgeni, mtu wa Singida, Kinyambo hajui hata salamu. Yeye amesikia mlio, ameona mzee mzima anakimbia amejishika, analia mawe. Akalaza pikipiki pale pale, akavaa helmeti vizuri, akageuza, akarudi Rubwera kwa mwendo ambao pikipiki ile haikuwa nao. Kabla hatujapata hata lori la kutuvuta, stendi nzima ilikuwa imeshapata habari kwamba kirikuu cha mzee kimepigwa mawe njia ya Bugomora.

Mimi nilicheka. Nilicheka nikiwa nimelikumbatia pipa, rubisi ikinimwagikia miguuni, machozi yakinitoka. Baba Mkubwa alitokeza kati ya migomba akaniona. Silijutii cheko lile. Nawaambia tu alikuwa ananitazama.

Jumapili watoto walimsubiri nje ya kanisa. "Mawe!" wanaita, halafu wanajificha. Wakubwa wao wanawakemea huku wamegeuza nyuso pembeni. Mtu anaweza kusamehe plagi. Hilo hawezi.

Jumatatu baada ya masomo nikaenda gereji. Kirikuu kipo, kimevutwa mpaka chini ya mabati. Baba Mkubwa amesimama, hakai. Fundi Leo ameshika ile plagi. Uzi wa aluminiamu umejisokota juu yake wote, kama spiringi ya peni. Kona za kichwa chake zimeliwa kwa nguvu ya spana. Na bomba lilikuwa bado limelala pale chini ya kiti, hakuna aliyekumbuka kulitoa. Fundi aliliangalia bomba. Kisha akaiangalia mikono yangu, ambayo mnaijua, mnaiita mabua.

"Nani aliifunga hii?" akauliza, hakumtazama mtu.

"Nani mwingine?" Baba Mkubwa akasema. "Umeacha gereji kwa mtoto, unategemea nini?"

"Fundi, mimi nilimwambia—"

"Unamsikia? Anajibu. Na barabarani anacheka wazee. Leo, kiwanja changu hiki nilitoa kwa ajili ya gereji. Sikutoa uwanja wa vichekesho."

Nikangoja. Nilimwangalia Fundi akiigeuza plagi, akiigeuza tena, na ndani yangu nilikuwa nimetulia kabisa, nawaambia ukweli. Anayesoma injini kwa sikio ashindwe kusoma hiyo? Nilikuwa nimeshaanza kutunga utani wa kumtania Baba Mkubwa baadaye.

"Pole, mzee," Fundi akasema. Akatikisa kichwa. "Vijana."

Nimelitafuta neno hilo kwenye kamusi ya shule. Wanasema ni wingi wa kijana, basi. Wamesahau maana yake ya pili, kwamba ni kitu ambacho watu wazima wanafutia mikono.

Baba Mkubwa akaondoka. Tukabaki wawili, mimi na Fundi. Alisema, "Njoo uone."

Akanionyesha kazi yote siku zile, jioni baada ya jioni, kama mtu anayehama na hataki kuacha kitu ndani. Zamani, alisema, tundu likifa hivi hedi nzima ilishushwa, ikapelekwa Bukoba kuchomelewa na kutobolewa upya, na mwenye gari anakaa bila gari mpaka asahau rangi yake. Siku hizi tunaweka bushi. Akampigia mkereza vyuma wa Kayanga, akatutengenezea bushi ya chuma, kijipete chenye uzi nje na uzi ndani. Wa nje unashika hedi, wa ndani unapokea plagi.

Tundu tulilipanua kwa tepu, kile chuma cha kukatia uzi, na kabla ya kukiingiza unakipaka grisi nyingi. Grisi inadaka machicha ya aluminiamu yasidondoke kwenye silinda na kuja kuichana. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, unakitoa, unafuta, unapaka tena. Hakuna njia ya mkato, na anayewaambia ipo ana spea za kuuza. Kisha tukapuliza kwa hewa ya kompresa, tukapaka gundi ya kuvumilia moto, tukaisokota bushi mpaka ikakaa sawasawa na uso wa hedi. Tukaiacha ilale mpaka kesho yake.

Kesho yake Fundi akanipa plagi mpya na mpira.

"Funga."

Nikashusha. Nikazungusha kushoto. Tik. Kulia kwa mpira, mpaka mpira ukagoma wenyewe. Nikachukua spana, nikakaza pale alipokuwa akikaza yeye, nikaacha. Nikasogea pembeni, kama kawaida, nimpishe aje airudie.

Hakuja. Alichukua koili, kile kifaa cha kuipa plagi umeme, akaichomeka juu ya plagi, akafunga bolti yake, akashusha kiti. Akawasha. Kirikuu kikanguruma laini, mpaka Mama Spea akachungulia dukani kwake aone ni gari gani jipya limeletwa.

Nikainua macho kwenye msumari. Na yeye akainua. Puto lilishakuwa kipande cha ngozi tu, lakini ovaroli ilikuwa pale, bluu, haijaingia hata doa.

Fundi akazima injini. Akajifuta mikono kwa muda mrefu, kidole kimoja kimoja.

"Jovin, wewe una kichwa," akasema. "Kasome kwanza."

"Jumamosi nije saa ngapi?"

"Kasome."

Nilitafuta utani wa kumjibu. Mnanijua, huwa siukosi. Niliutafuta mpaka nikafika nyumbani.

Ndiyo stahili yangu ya kustaafu hiyo, wadogo zangu. Kirikuu bado kinapanda vilima na bushi yetu na plagi yangu, nakisikia nikiwa darasani, hakikoromi. Baba Mkubwa nikimwona hata ng'ambo ya soko ninavuka, nikamwamkie kwa sauti: "Shikamoo, Baba Mkubwa!" Lazima aitikie, watu wapo. Nikizunguka duka nikakutana naye tena, namwamkia tena. Adabu yangu inamchosha. Fundi Leo naye nikipita ananiinulia spana kutoka mbali, "Pole na masomo!" nami namjibu nimeshapoa, kama injini inavyotakiwa.

Gerejini sasa yuko Swithin, mtoto wa mwisho wa Baba Mkubwa. Hana ubaya. Anatumia mpira, nimemwona. Ameivaa ovaroli, imemkaa kubwa. Mama Anita alilifumua jina uzi kwa uzi, lakini uzi ule mwekundu ulikuwa umebana sana, kitambaa kimeshika alama, na matundu ya sindano yanasomeka mpaka barabarani. Kwa hiyo wateja wageni wakitaka spana au maji ya rejeta wanasoma kifuani na kuita, "Jovin! We Jovin!"

Mimi nageuka, na begi langu la shule mgongoni. Anayeitika ni yeye.